NZE ya Zamani au Premio ya Juzi? Piga Hesabu Kabla ya Kutuma Pesa

Ukiwa na laki saba kwenye akiba na familia iliyochoka kubanana kwenye matatu, utapata ushauri wa aina mbili. Shemeji atakuambia, "Chukua NZE, hiyo gari haifi, spea ziko kila kona." Rafiki aliye kwenye Sacco atakuambia uweke hizo laki saba kama malipo ya kwanza, uchukue mkopo, ununue Premio moja safi na usahau mambo ya fundi. Wote wawili wana hoja. Shida ni kwamba wote wanazungumzia gari, na wewe kinachokuhusu kwanza ni pesa: zitatoka lini, zitatoka kwa vipande vya ukubwa gani, na siku zikikosekana nini kitatokea.

Katika somo hili tutaweka magari haya mawili pamoja, la zamani dogo na la familia lililo jipya zaidi, kisha tupige hesabu ya mwezi hadi mwezi. Bei tutakazotumia ni za mfano. Badilisha uweke za kwako.

Kwanza, magari yenyewe

Wakenya wakisema "NZE" wanamaanisha Toyota Corolla ya NZE121, iliyoanza kuuzwa Japani mwaka wa 2000 na kumaliza zamu yake 2006. Injini yake ni 1NZ-FE ya cc 1,497, na gia boksi ya otomatiki ya hatua nne. Kwa kuwa sheria yetu hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka 8, NZE ya mwisho iliingia nchini zaidi ya miaka kumi iliyopita. Kwa hivyo kila NZE unayoonyeshwa leo imeshatumika hapa hapa, kwenye matuta yetu na mashimo yetu, na huenda imepitia mikono mitatu au minne. Nyingi zina namba zinazoanza na KA au KB. Ukiona moja ina namba ya KD, inaweza kuwa na sababu halali, lakini uliza sababu hiyo kabla ya kuuliza bei.

Premio tunayoizungumzia ni ile ya mfululizo wa 260, iliyotoka 2007, ikaguswa uso 2010 na tena 2016, na kuacha kutengenezwa Machi 2021 pamoja na ndugu yake Allion. Ilikuja na injini za 1.5, 1.8 na 2.0, zote zikiwa na gia boksi ya CVT. Kwenye yadi utaona zaidi zile za 1.5 na 1.8.

Sasa jambo ambalo madalali wengi hawakuambii: Premio ya 1.5 ina injini ile ile ya NZE. Ndiyo, 1NZ-FE. Angalia namba ya chesisi. Ikianza na NZT260, hiyo ni 1.5 yenye injini unayoijua tangu enzi za NZE. Ikianza na ZRT260, ni 1.8 yenye injini ya familia ya ZR. Kwa hivyo mtu anayelipa zaidi ya milioni moja juu ya bei ya NZE ili apate Premio ya 1.5 hanunui injini tofauti. Ananunua miaka, nafasi, usalama na gia boksi nyingine. Vitu hivyo vina thamani, lakini ni vizuri ujue ndivyo unavyovilipia.

Nafasi: pima kabla ya kuamini

Premio huitwa gari la familia, na ukiliona nje linaonekana kubwa. Urefu wake kweli umezidi, na umbali kati ya gurudumu la mbele na la nyuma ni milimita 2,700 dhidi ya 2,600 za NZE. Sentimita kumi hizo nyingi huishia kwenye magoti ya wanaokaa nyuma, na mtu mrefu atazishukuru kila siku.

Upana ni hadithi nyingine. Magari yote mawili yana upana wa milimita 1,695. Si bahati mbaya. Huko Japani gari likizidi mita 1.7 kwa upana huhesabiwa kuwa la daraja kubwa, kwa hivyo Toyota ilichora yote mawili yabaki chini ya mstari huo. Maana yake kwako ni kwamba kama shida ya familia yako ni watu wazima watatu kubanana mabega nyuma, au viti viwili vya watoto na shangazi katikati, Premio haitaimaliza. Nenda na familia yote mkakae ndani ya gari, milango ifungwe, kwa dakika kumi. Wauzaji hawapendi sana, lakini watavumilia.

Kwenye usalama hakuna ubishi, gari jipya lina faida. Premio za kuanzia 2016 zilianza kuwekewa Toyota Safety Sense C, mfumo unaomwonya dereva na kusaidia kufunga breki. NZE ni ya kizazi cha kabla ya hayo yote. Zaidi ya hapo, mikoba ya hewa na mikanda iliyokaa miaka ishirini haiwezi kuaminiwa kama ilivyokuwa siku ya kwanza, na zingine zilishafyatuka kwenye ajali hapo awali zikafunikwa tu na plastiki. Kama unasafiri Nairobi–Kisumu kila mwisho wa mwezi na watoto, hili lipe uzito wake. Hakuna safu yake kwenye hesabu tutakayopiga hapa chini, na hatutajifanya ipo.

Hesabu ya mwezi

Tuchukue familia ya watu wanne wanaoishi Thika, wana akiba ya shilingi 700,000 na wanaendesha kilomita 1,000 kwa mwezi. Wanaangalia NZE ya shilingi 550,000 na Premio ya 1.5 ya shilingi 1,900,000.

Wakichukua NZE, wanalipa taslimu na wanabaki na 150,000.

Wakichukua Premio, 700,000 zote zinaenda na wanakopa 1,200,000 kwenye Sacco. Tuseme riba ni asilimia 12 kwa mwaka, inayohesabiwa kwa deni linalobaki, kwa miezi 48. Malipo ya kila mwezi yanakuja karibu shilingi 31,600. Kufikia mwisho watakuwa wamelipa kama 1,517,000, yaani riba peke yake ni zaidi ya laki tatu.

Mafuta sasa. Watu wengi huanzia hapa, na mara nyingi ndipo penye tofauti ndogo. NZE iliyo na afya tuipe kilomita 12 kwa lita, na Premio yenye CVT tuipe 13. Kwa kilomita 1,000 NZE itakunywa lita 83 na Premio lita 77. Petroli ikiwa shilingi 180, ni kama 15,000 dhidi ya 13,850. Tofauti ni shilingi 1,150 kwa mwezi. EPRA hutangaza bei tarehe 14 ya kila mwezi, kwa hivyo rekebisha hesabu bei inapobadilika, lakini hata petroli ipande vipi, tofauti ya lita sita na kitu haiwezi kulipa mkopo wa 31,600. Mtu akikuambia ununue gari jipya kwa sababu "linaokoa mafuta", mwombe akuandikie hizo lita kwenye karatasi.

Bima ndiyo inayowashtua wengi. Sheria inalazimisha kila gari liwe na bima ya mtu wa tatu angalau. Kwa NZE familia yetu inaweza kuishia hapo, na kampuni nyingi husita hata kukupa bima kamili kwa gari la umri huo. Tuseme 8,000 kwa mwaka. Premio ya mkopo ni tofauti, kwa sababu anayekukopesha kwa dhamana ya gari atataka bima kamili. Tukichukua asilimia 4 ya thamani, ni shilingi 76,000 kwa mwaka, na mara nyingi inatakiwa kabla gari halijatoka yadi. Familia yetu ilikuwa na 700,000 na zote zimeenda kwenye malipo ya kwanza. Hizo 76,000 zitatoka wapi? Hapa ndipo watu hukimbilia mikopo ya simu wiki ile ile waliyonunua gari.

Huduma ya kawaida, yaani oili, chujio na plagi kwa zamu zake, tunaweza kuipa 1,300 kwa mwezi kwa yote mawili, kwani injini ni moja na inachukua oili lita 3.7 kwenye gari zote mbili. Matengenezo mengine tuipe NZE 10,000 kwa mwezi na Premio 4,000.

Jumla ya NZE inakuja karibu 27,000 kwa mwezi. Jumla ya Premio, ukiacha mkopo kwanza, ni karibu 25,500. Tazama hapo vizuri. Kuendesha tu, magari haya mawili yanagharimu karibu sawa! Alichosema rafiki wa Sacco kwamba Premio haisumbui ni kweli, ila kile unachookoa kwa fundi kinachukuliwa na bima. Ukiongeza mkopo, Premio inafika 57,000. Tofauti ni kama shilingi 30,000 kila mwezi kwa miaka minne.

Kuna upande wa pili wa hesabu hiyo. Baada ya miaka minne mwenye Premio ana gari ambalo bado lina bei, tuseme milioni moja na laki tatu, na deni limeisha. Mwenye NZE ana gari la laki nne. Kama kila mwezi alikuwa anaweka pembeni zile 30,000, ana zaidi ya 1,400,000 kwenye akiba, na anaweza kwenda yadi akanunua bila kukopa. Kama hakuwa anaziweka, ana gari la laki nne, basi. Jiulize kwa uaminifu wewe ni yupi kati ya hao. Mkopo una ubaya wake, lakini unamlazimisha mtu kuweka akiba ndani ya bodi ya gari, na kwa watu fulani ndiyo njia pekee inayofanya kazi.

Vipande vya pesa

Hesabu ya mwezi ina udanganyifu wake mdogo. Tumesema NZE inahitaji 10,000 kwa matengenezo, lakini NZE haitakuja kila tarehe 30 kukudai 10,000. Itakaa miezi mitatu kimya. Halafu Jumatatu moja asubuhi gia itakataa kuingia, na fundi atakutajia 60,000 ya gia boksi iliyotumika kutoka Japani pamoja na kuifunga. Mwezi unaofuata ni redieta. Halafu kimya tena.

Mkopo wa Premio ni kinyume chake. Unajua kiasi, unajua tarehe, na haujali kama mwezi huo shule zimefunguliwa.

Kwa hivyo swali la gari huwa pia swali la jinsi pesa zako zinavyoingia. Mwalimu au muuguzi anayelipwa tarehe ile ile kila mwezi anaweza kubeba 31,600 ikiwa mshahara unaruhusu, lakini 60,000 za ghafla zitamwangusha. Mfanyabiashara wa nguo ambaye Desemba anajaza na Februari anakauka anaweza kustahimili 60,000 zikija wakati mzuri, ila malipo ya kila mwezi yatamkuta Februari bila kitu, na kwenye Sacco atakuwa amewavuta wadhamini wake kwenye shida yake.

Njia rahisi ya kujua uko upande gani unayo tayari mfukoni. Pakua taarifa ya miamala yako ya miezi sita kwenye programu ya simu. Chukua kalamu. Kwa kila mwezi andika pesa zilizoingia na salio la chini kabisa ulilofikia. Usihangaike na wastani, tafuta ule mwezi mbaya zaidi. Kama mwezi mbaya ulibaki na 6,000 baada ya kodi, chakula na karo, basi mkopo wa 31,600 utakuwa unakula chakula na karo. Na kama kila mwezi kuna mkopo wa simu unaochukuliwa tarehe 20 na kulipwa tarehe 1, hauko tayari kwa Premio, na hata NZE ingoje kwanza.

Ukiweza, fanya hivyo pia na mtu unayemwamini aliye na gari la aina unayotaka. Mwombe atafute kwenye miamala yake jina la fundi, duka la spea, kituo cha mafuta, mwenye kuegesha na carwash. Wenye magari wengi hawajawahi kujumlisha malipo haya. Yanatoka mia tatu hapa, elfu mbili pale, kwa Till tofauti tofauti, na ukimuuliza mtu kwa mdomo gari linamgharimu ngapi atakutajia mafuta tu.

Ndiyo maana tunasema NZE iliyonunuliwa kwa shilingi ya mwisho ni hatari kuliko inavyoonekana. Zile 150,000 zilizobaki kwa familia yetu ya Thika ni sehemu ya bei ya gari. Zifungie kwenye akaunti ya akiba isiyotoka kirahisi, halafu kila mwezi ongeza zile 10,000 hata kama gari ni zima. Mtu aliye na 550,000 tu asitafute NZE ya 550,000. Atafute ya 430,000 iliyo imara, au asubiri.

Unachokagua kwenye kila moja

NZE ikague injini ikiwa baridi. Fika asubuhi, weka mkono kwenye boneti kabla ya kuwasha. Muuzaji aliyeipasha moto kabla hujafika ana kitu anaficha. 1NZ-FE haina mkanda wa taimingi, ina cheni, kwa hivyo usimlipe mtu "kubadilisha belti ya taimingi", ila sikiliza mlio wa kukwaruza unapowasha. Ugonjwa wa injini hii ikizeeka ni kula oili. Chomoa kijiti, angalia kiwango, na angalia kama moshi wa nyuma una rangi ya buluu unapokanyaga baada ya kuiacha ikinguruma dakika mbili. Injini inayokula oili kidogo bado inaweza kukutumikia, lakini bei ishuke kulingana na hiyo. Chini ya gari utegemee kukuta bushi, boljointi na shokapu zimechoka. Hizo si sababu ya kukimbia. Spea zake zimejaa Kirinyaga Road na katika kila mji wenye fundi. Kutu kwenye sakafu na alama za kuchomelewa kwenye chesisi ndizo za kukukimbiza.

Premio shida yake kubwa iko kwenye CVT. Gia boksi hii haina hatua, ina mkanda wa chuma kati ya puli mbili, na inataka mafuta yake maalum ya CVT, yale yaliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Fundi akiijaza ATF ya kawaida kwa sababu "ni kitu kimoja tu", ameanza kuiua. Iendeshe polepole kati ya kilomita 20 na 40 kwa saa. Ikitetemeka, ikilia kama filimbi, au ikichelewa kushika unapoweka D au R, iache. Kwa ile ya 1.8 ya kuanzia 2010, uliza pia kuhusu mfumo wake wa Valvematic na upimwe na kompyuta, kwa kuwa kifaa kinachouongoza kikiharibika si kitu cha kutengenezwa kando ya barabara.

Kama Premio inatoka moja kwa moja Japani, itisha karatasi ya mnada. Kuna alama ya hali ya gari, na herufi R au RA humaanisha liliwahi kupata ajali likatengenezwa. Linganisha kilomita zilizoandikwa pale na zile za dashibodi. Kuhusu ushuru, kumbuka kwamba 1.5 iko chini ya cc 1,500 na hutozwa ushuru wa bidhaa wa asilimia 20, wakati 1.8 inatozwa 25, na VAT ya asilimia 16 huwekwa juu ya yote hayo. Tofauti hiyo ni moja ya sababu 1.5 inatafutwa sana. Na kwa kuwa Premio ya mwisho ilitengenezwa 2021, kanuni ya miaka 8 itazifungia mlango kabla ya mwisho wa muongo huu. Baada ya hapo Premio itakuwa kama NZE, yaani gari linalopatikana mikononi mwa Wakenya wenzako tu.

Kuna wanaouliza kuhusu Premio ya kabla ya hii, ya mfululizo wa 240. Kwa haraka tu: ile ya 1.5 ina 1NZ-FE pia na otomatiki ya kawaida isiyo CVT, na ni njia nzuri ya katikati ukiipata safi. Ile ya 2.0 ya D4 waachie wanaoijua.

Wakati wa kulipa

Kabla ya kutuma hata shilingi moja, tafuta rekodi ya gari kwa NTSA kupitia eCitizen. Utalipa ada kidogo kwa Paybill 222222 na utaona jina la mwenye gari, namba ya injini na ya chesisi, na kama kuna mkopeshaji aliyeandikishwa kwenye logibuku. Hili ni muhimu zaidi kwa NZE, kwa sababu magari yaliyopita mikono mingi ndiyo mara nyingi yamewekwa rehani. Tangu sheria ya dhamana za mali zinazohamishika ya 2017, kuna pia sajili ya dhamana ambapo unaweza kutafuta kama gari linadaiwa. Jina la rekodi likitofautiana na jina la anayekuuzia, zungumza na mwenye jina mwenyewe. "Ni la binamu yangu yuko Qatar" si jibu.

Usitume pesa za "kukushikia gari" kwa namba ya mtu binafsi kabla hujaliona kwa macho. Picha nzuri, bei ya chini, na mtu mwenye haraka anayetaka elfu kumi tu ili asimpe mwingine, hiyo ni njia ya wizi ya zamani na bado inafanya kazi. Kama ni yadi, lipa kwa Till au Paybill yenye jina la biashara. Soma jina linalotokea kwenye skrini kabla ya kuthibitisha. Pesa zilizotumwa kimakosa zinaweza kuombewa kurudishwa, lakini mpokeaji akishazitoa huna uhakika tena.

Panga malipo yenyewe mapema. Kwenye M-Pesa muamala mmoja hauzidi 250,000 na kwa siku hauzidi 500,000, na akaunti ya anayepokea nayo haishiki zaidi ya 500,000. NZE ya 550,000 kwa hivyo haiishi siku moja kwa simu. Wengi hulipa sehemu ndogo kwa simu na kubwa kwa benki. Premio karibu daima ni ya benki. Hundi haiwezi kuzidi milioni moja, na kiasi kikubwa hupitia RTGS.

Pesa kubwa itoke mkiwa pamoja, na baada ya muuzaji kuanzisha uhamisho wa umiliki kwenye akaunti yake ya NTSA na wewe kuuona kwenye ya kwako. Utahitaji PIN ya KRA. Andikeni mkataba mfupi wenye namba ya chesisi, kiasi, tarehe na saa ya kukabidhiana gari, kwa sababu faini na ajali za kabla ya saa hiyo si zako. Kila ujumbe wa malipo uupige picha na kuutuma kwa barua pepe yako mwenyewe, simu hupotea. Bima ya zamani ina jina la muuzaji, kwa hivyo kata ya kwako kabla ya kuondoka na gari, hata kama nyumbani ni kilomita tano tu kutoka hapo.